Kuwapoteza Watu Msituni

Tulipohamia Mtwara sikuwa namjua mtu. Mume wangu alipata kazi bandarini, mimi nikapata uhamisho wa kuja kufundisha sekondari, na miezi ya mwanzo jioni zetu zilikuwa televisheni na joto basi. Mchezo ndio uliotupatia watu.

Niliujua tangu chuoni. Mmoja anakuwa msimulizi, anaeleza nchi ya kubuni yenye wafalme na mazimwi. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, na ndiye anayesema mhusika huyo anafanya nini. Jambo likiwa na mashaka, dadu inaamua. Dadu zenyewe zina pande ishirini, na nilizisafirisha kutoka Mbeya kwenye pochi yangu ya mkononi, sikuthubutu kuziweka kwenye mizigo ya chini ya basi.

Wachezaji wangu walikuwa watatu. Mume wangu alikuwa askari. Jirani yetu, nesi mwenye asili ya Bukoba, alikuwa mganga, ingawa alilalamika kwamba hata Jumamosi hapumziki kutibu watu. Wa tatu alikuwa mwalimu wa hesabu shuleni kwetu, mzaliwa wa Ziwani, kijiji cha huku huku Mtwara, naye alikuwa mpiga mishale. Walikuwa wanakuja baada ya swala ya alasiri, tunasogeza meza katikati ya sebule, feni inazunguka, tunaanza.

Jumamosi moja, katika hadithi yetu, walikuwa wamembeba binti wa mfalme aliyeumwa na nyoka, wakimpeleka kwenye chemchemi ya dawa ng'ambo ya msitu. Msitu nilikuwa nimeutengeneza kwa urahisi. Kila siku ya safari wanarusha dadu. Ikitoka namba kubwa wanasonga mbele, ikitoka ndogo wamepotea. Nikadhani inatosha.

"Mmepotea," nikasema.

Wakarusha tena.

"Mmepotea tena."

"Tumepotea wapi?" mume wangu akauliza.

"Msituni."

"Msituni najua. Naona nini?"

Nikatazama karatasi yangu. "Miti," nikajibu.

Nesi akachukua simu yake. Mwalimu wa hesabu alijitahidi kukaa kiungwana, lakini dadu ilipotoa namba ndogo kwa mara nyingine akatikisa kichwa. "Madam, kwa mwendo huu binti wa mfalme atazeekea humu humu."

Tulicheka, lakini tuliachana mapema siku ile. Mume wangu akakusanya vikombe, akaniambia kwa upole, "Jumamosi ijayo labda tucheze karata tu. Na wewe upumzike." Alisema kwa nia njema, na hilo ndilo lililoniuma. Nilijua karata zingeishia wapi. Watu wangecheza mara mbili tatu, halafu mmoja angekuwa na zamu, mwingine na wageni, nasi tungerudi kwenye televisheni yetu.

Wiki ile ile mama yake mwalimu wa hesabu aliruhusiwa kutoka hospitali. Walimu tukachanga, tukanunua sukari, sabuni na mchele, nami nikateuliwa kupeleka pole kwa sababu sikuwa na kipindi mchana. Mwalimu mwenyewe alikuwa ameshatangulia nyumbani kwao. Akanielekeza kwa simu: "Ukishuka kwenye bajaji, fuata njia pana. Ukifika kwenye mkorosho mkubwa, kata kushoto. Hapo hapo tu."

Mikorosho yote ilikuwa mikubwa. Matawi yalikuwa yameinama mpaka chini, majani makavu yamefunika njia, na kila nilipokata kushoto nilikuta mikorosho mingine inayofanana na ile niliyoiacha. Nilitoa simu, hakuna mtandao. Nilipogeuka nirudi barabarani, barabara sikuiona. Jasho likanitoka, na halikuwa la jua.

Nilikuwa nimezoea kudhani mtu aliyepotea hana cha kufuata. Mimi nilikuwa navyo vingi mno. Upande wa kulia kulikuwa na moshi mwembamba. Kushoto nilisikia mtu anatwanga. Mbele yangu kulikuwa na alama za tairi za baiskeli kwenye mchanga. Kila kimoja kilionekana ndicho, na nikikosea, jua lilikuwa linaanza kushuka na mzigo ulikuwa unanikata vidole. Nikachagua kinu. Nikatembea, nikatembea, halafu kinu kikanyamaza.

Nilisimama pale nikiwa karibu kulia. Kisha nikapaza sauti, nikaiambia mikorosho, "Hodi jamani!"

"Karibu!" sauti ya mwanamke ikajibu.

Akajitokeza mama mmoja ameshika jembe, kanga kaifunga kifuani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona unapiga hodi huko? Huko hakuna nyumba."

"Nimepotea, mama." Nikamweleza ninakokwenda.

Akacheka mpaka akaegemea jembe. "Nyumba si hiyo nyuma ya mti huo? Umeizunguka!"

Nilimkuta mgonjwa ameketi mkekani anamenya mihogo, binti yake anamgombeza aache kazi, na yule mwalimu ametoka nje kunitafuta. Nikapewa maji, nikanywa yote kwa pumzi moja. Sijawahi kufurahi vile kukaa kwenye mkeka wa mtu.

Niliporudi mjini nilimwambia mume wangu, "Nipe Jumamosi moja tu. Ikishindikana, karata." Akakubali.

Siku ilipofika, dadu niliziacha ndani ya mfuko.

"Kumekucha," nikaanza. "Njia mliyoijia imefunikwa na majani. Kulia kuna moshi. Kushoto, bondeni, mnasikia mtu anatwanga. Mbele kuna nyayo za farasi, lakini ni za kwenda tu, za kurudi hakuna. Maji yenu ni ya leo pekee. Binti wa mfalme ana homa. Mnafanya nini?"

Nesi akaishika simu yake. Nikajua nimeshindwa tena.

"Nyayo," mume wangu akasema. "Farasi anajua njia."

"Za kwenda tu?" mwalimu wa hesabu akaruka. "Mimi siendi huko!"

"Basi panda mti utuangalizie."

Akapanda. Hapo nikampa dadu, ikatoka ndogo, tawi likakatika, na kabla hajaanguka akaona kwamba moshi ule unahama. Wakaanza kubishana wote kwa pamoja. Nesi alikuwa ameiweka simu kifudifudi juu ya stuli.

"Tulieni," akasema, kwa sauti ambayo nadhani ndiyo anayoitumia wodini. "Mgonjwa wangu hatembei leo. Tunaweka kambi hapa hapa. Na mimi nataka kujua, nani anatwanga katikati ya msitu, na anatwanga nini?"

Hilo sikuwa nimeliandaa. Nikabuni pale pale. Anayetwanga ni zimwi jike, anasaga magome ya dawa, na mtoto wake hajala siku kadhaa. Mume wangu akataka kuchomoa upanga; nesi akamshika mkono kabisa, mkono wake halisi, juu ya meza. "Subiri. Mtoto anaumwa nini?" akaniuliza. Akamtibu mtoto wa zimwi, na zimwi akawatoa msituni mpaka ukingoni mwa chemchemi.

Mume wangu alipiga meza kwa shangwe mpaka chai ikamwagika. Adhana ya magharibi ikasikika, mwalimu wa hesabu akainuka haraka akitafuta viatu vyake. "Madam, msiendelee bila mimi! Naswali narudi."

Nikaenda jikoni kupasha wali uliokuwa umepoa bila mtu kuukumbuka. Nilisimama kwenye jiko nikahisi mabega yangu yanashuka, kana kwamba nilikuwa nimeyabana wiki nzima. Sebuleni nesi na mume wangu walikuwa bado wanabishana juu ya zile nyayo, kila mmoja akiapa kwamba yeye ndiye aliyeokoa safari. Nikaongeza maji kidogo kwenye sufuria, nikafunika.