Siku Darasa la Sita Lilipomwangusha Lorraine

Katika kimji kimoja cha Vermont, Marekani, hakuna aliyebisha kwamba Lorraine Gagnon anajua kufundisha. Walichobishania ni kama anajua kunyamaza. Alikuwa mama mnene, mcheshi, mwenye kicheko cha kusikika hadi barabarani, na tangu aliposhika kazi ya kupanga mitaala ya shule hakupenda mtaala wowote kuliko ule alioutunga mwenyewe: Mji Wetu, wa darasa la sita, wa kuwafunza watoto namna mji unavyojiendesha. Mwezi wa kwanza wa masomo hayo ulikuwa wa kukariri: hoja ni nini, marekebisho ni nini, akidi ni nini. Mwezi huo ndio hasa aliojivunia.

Mwaka ule halmashauri ya shule ilitaka kujua kama mtaala huo unafaa kitu, na kwa kuwa hakupatikana mwingine wa kuupima, kazi akaachiwa mtungaji. Mpishi aonje mchuzi wake mwenyewe! Lakini Lorraine hakuwa mtu wa kujipendelea. Aliwapa watoto mtihani wa maandishi, akaketi kusahihisha, jasho jembamba likamtoka. Mmoja aliandika kwamba akidi, ile idadi ya watu inayotosha mkutano kuanza, ni yule mzee anayefungua milango ya mkutano. Karibu wote walianguka.

"Si uwape mwingine, rahisi kidogo?" mumewe Roland akamshauri.

"Huo ni wizi, Roland."

"Sasa Jumanne, kwenye mkutano wa mji, utasema nini mbele ya watu?"

"Nitasema kweli."

"Na Clyde je?"

"Clyde atanitafuna mzimamzima."

Clyde Perrin, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, alikuwa mkono birika asiye na mfano. Alikwisha kuapa kwamba kwenye mkutano mkuu wa mji, ule wa kila Machi ambapo bajeti hupigiwa kura papo hapo, ataufuta Mji Wetu.

Jumanne ikafika. Ukumbi wa mazoezi wa shule ulijaa watu na mabuti yenye tope, na harufu ya maharage na nyama ya nguruwe ikitoka jikoni iliwafanya wote watamani mkutano uishe. Lorraine alisoma matokeo bila kuficha hata moja. Kabla hajaketi, Clyde alikwisha simama.

"Bwana Mwenyekiti, mwenyewe kakiri! Natoa hoja tuufute."

Jirani yake akaunga mkono. Lorraine akatazama viatu vyake. Akaona kazi yake nzuri kuliko zote inazikwa naye yumo mazishini.

Ndipo mkono ukainuka kule nyuma. Alikuwa Tess Bouchard wa darasa la sita, aliyeacha nafasi tupu nyingi kuliko wenzake kwenye mtihani.

"Bwana Mwenyekiti, mimi si mpiga kura. Naomba mkutano uniruhusu kusema."

"Katoto haka kaende kakale pai!" Clyde akanguruma.

"Keti, Clyde," alisema mwenyekiti, mzee Pruitt. "Kuomba ni haki yake. Wanaoafiki kwamba aseme?"

"Ndiyo!" ukumbi ukaitika.

"Asanteni. Tulianguka kwa sababu yale maneno tuliyakariri tu, yakapotea. Lakini tulipoanza mikutano yetu darasani, tukagombania uwanja wa kuteleza kwenye barafu, hayo tunayakumbuka yote. Kwa hiyo mtaala ubaki, mwezi wa kukariri ufutwe. Tuanze moja kwa moja na kugombana." Watu wakaangua kicheko. "Mimi siruhusiwi kutoa hoja, kwa hiyo bibi yangu ataitoa."

Bibi yake akasimama na sufu yake ya kufumia mkononi. "Natoa marekebisho kama alivyosema mjukuu wangu, na msiniambie nirudie."

Mwezi wake! Lorraine aliumia, mkono wake ukaanza kupanda ili apinge. Ukaishia njiani. Mtoto ameomba ruhusa. Amejua mpaka wake, akatafuta wa kumtolea hoja, na hakuna aliyemnong'oneza. Furaha ilimpanda Lorraine hadi machozi yakamlengalenga.

"Nani anaunga mkono?" Pruitt akauliza.

Clyde alijikuna kidevu. "Kuna gharama itakayopungua?"

"Vile vitabu vya kukariri havitanunuliwa tena, Bwana Perrin," akajibu Tess.

"Aa. Basi naunga mkono."

"Wanaoafiki waseme ndiyo!"

Ndiyo kubwa kuliko zote ilitoka kwa Lorraine. Ilipokuja zamu ya siyo, ukumbi ulikaa kimya. Na mtaala, ukiwa umepungua mwezi mmoja, ukapita.

Kwenye chakula, mwenyekiti wa halmashauri ya shule alimfuata Lorraine na sahani yake. "Sasa, mama, kwenye tathmini yako tuandike nini? Watoto wameanguka au wamefaulu?"

Lorraine alicheka hadi waliokuwa nje wakachungulia dirishani.

"Andika kwamba wameniangusha mimi," alisema, akaenda kumkatia Tess kipande cha pai.