Uzito wa Shemeji

Mume wangu ni mvuta kamba. Pale mgodini hata muuza maji akiulizwa kazi hujiita mchimbaji, lakini yeye hajawahi kushika tindo wala nyundo, na hajidai. Kazi yake iko mdomoni mwa shimo. Gogo nene limelazwa juu ya miti miwili yenye panda, kamba imezungushwa hapo, na kila upande kuna mpini wa chuma. Kamba ikivutwa mara moja kutoka chini, anapandisha ndoo ya mawe. Ikivutwa mara mbili, anapandisha mtu. Ameifanya kazi hiyo tangu hatujaoana, na sasa mabega yameinama kama ya mtu anayetafuta sindano sakafuni.

Anayechimba kule chini ni mdogo wangu, tumbo moja. Hakubali kuvutwa na mtu mwingine. Vijana wenye misuli wameiomba ile kazi, akawajibu, "Nyinyi mna nguvu, shemeji ana akili ya kamba." Kwa miaka mingi mume wangu alivimba kichwa kwa sifa hiyo. Siku hizi imekuwa mzigo, maana aliyesifiwa hivyo atasemaje kwamba amechoka?

Mimi naponda. Mawe yakipanda nayavunja, nayatwanga kwenye kinu cha chuma mpaka yawe unga, kisha naumwagia unga maji juu ya ubao uliotandikwa gunia ili dhahabu inase kwenye nyuzi. Gunia nalisuuza ndani ya karai, na karai nalizungusha taratibu nikiutafuta ule utepe mwembamba wa manjano. Siku nyingi siuoni. Vumbi ndilo halikosekani: kwenye nywele, kwenye uji, kwenye shuka.

Jioni moja mume wangu aliketi kitandani bila hata kuvua viatu.

"Mdogo wako anakwisha," alisema.

"Anakwisha vipi?"

"Anapungua. Mimi namjua kwa kamba. Zamani nikimpandisha nilikuwa nahema, sasa anakuja kama ndoo. Ni lile vumbi, limemwingia kifuani."

Nimeona wachimbaji wakienda hivyohivyo: kikohozi, mbavu, basi. Nikaanza kumlisha ndugu yangu. Nilipunguza sahani yangu, nikapunguza na ya mume wangu, naye akawa anamsogezea shemeji yake nyama akijifanya ameshiba. Kila tulipolala nilimsikia akimwombea kwa sauti ya chini. Mdogo wangu alikula bila kuuliza. Ni mlafi tangu utotoni, huyo.

Jumapili moja akaja nyumbani suruali imefungwa kwa uzi, kifungo kimegoma kufika. Nililitazama lile tumbo, nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Nilikuwa nimechoka kuogopa.

"Mgonjwa gani huyu anayenenepa? Mume wangu, hebu mtazame! Kwenye kamba anapungua, hapa anafura!"

Mdogo wangu hakucheka. Alivuta miguu yake chini ya kiti, lakini tulishaiona: vidole vimechubuka, kucha zimekatika. Mume wangu alivitazama vile vidole kimoja kimoja.

Kesho yake kamba ilipovutwa mara mbili, hakuugusa mpini. Aliinama shimoni.

"Shemeji, toa miguu ukutani."

Ukuta wa lile shimo una vijitundu vya kukanyagia, vilivyochongwa kabla gogo halijawekwa. Nilikuwa nimevisahau kabisa.

"Wewe vuta tu, shemeji," sauti ikapanda.

"Nimesema toa miguu. Ning'inia, nikupandishe mimi."

Kamba ikakaza. Mume wangu alisukuma, mpini ukazunguka nusu, ukatetemeka, ukagoma. Akajaribu tena, mishipa ya shingo imesimama. Niliutupa mchi nikakimbia, nikaukamata mpini wa upande wa pili. Tulimpandisha kidogo kidogo, na jamani, alikuwa mzito!

Alipotoka alikaa ukingoni, uso mzima vumbi.

"Tangu lini?" mume wangu aliuliza.

"Tangu siku ile mpini ulipokuponyoka ukaudaka. Ulidhani sikujua."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ungeacha. Na mimi siwezi kushuka na mtu mwingine, shemeji. Naogopa. Nikaona bora nipande mwenyewe, wewe uzungushe tu."

Mume wangu aliketi chini palepale, mikono mapajani.

"Na mimi kila siku nakuombea upone," alisema.

Siku hizi upande wa pili naushika mimi, kuponda nasubiri jioni. Nimechoka, sitaki kudanganya. Mikono hainyanyui hata sufuria. Lakini ndugu yangu ni mzito, mzima kabisa, na hilo siambiwi na mtu.