Shikamoo, Baba Joho

Enzi zetu pale Kilosa, shujaa haruki mpaka aamkiwe. Ukimweleza hivyo kijana wa leo anakutazama kama mtu aliyechanganyikiwa, lakini wenzangu mliokulia mtaa wa Mabwerebwere, mkacheza gololi mpaka magoti yakaota sugu, mnanielewa.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka yaliyozoea kuuza chumvi na viberiti yalianza kunukia sabuni, mitumba ikatuvisha makoti ya baridi tusiyoijua, na Kaka Festo, kijana mfanyabiashara, akarudi kutoka Dar na televisheni na mashine ya gemu. Aliviweka kwenye kibanda cha mabati jirani na wakaanga mihogo, na mpaka leo nikisikia harufu ya muhogo na pilipili vidole vyangu vinatafuta vitufe. Gemu lenyewe lilikuwa moja tu, la shujaa mwenye joho jekundu anayeruka juu ya maghorofa akiokoa watu. Tulimwita Baba Joho. Alisema mengi, yote kwa lugha ya kigeni, na tukamchoka upesi. Mtu usiyejua analia nini utamhurumia vipi?

Miaka hiyo hiyo kazi zilikuwa zinapunguzwa, na Mzee Maganga naye akapunguzwa. Yeye ndiye aliyekuwa akitangaza treni stesheni. Sauti yake nzito ilitupokelea bibi zetu kutoka Tabora na kuwasindikiza kaka zetu waliokwenda kutafuta maisha. Sasa alikaa barazani kwake kutwa nzima, kimya. Bintiye Zuhura, tuliyesoma naye darasa moja, alituambia baba yake hata chumvi anaiomba kwa kunyoosha kidole. Mama yangu aliposikia akasema, "Mwanamume akinyamaza hivyo, anaaga." Zuhura alikuwepo, akayasikia.

Kesho yake alimvuta baba yake hadi kibandani, ati akaione televisheni. Mzee alitazama, kisha akauliza yule mwenye joho anasema nini. Hakuna aliyejua. Festo akazima sauti ya mashine, akasema kwa adabu, "Basi mzee, tusemee wewe."

Mzee akakohoa kidogo. "Abiria wote, sogeeni nyuma." Na sisi sote, kwa mazoea, tukasogea nyuma na mabenchi yetu.

Kuanzia hapo Mzee akawa anamsemea kila siku, na Baba Joho akawa wetu. Adui alipewa sauti ya mwalimu wa zamu, maghorofa yakawa Kimamba na Mikumi, na shujaa akianguka moyo ulitupasuka, maana aliyekuwa akiugua pale ni mtu tunayemjua. Ikawa na sheria yake: ukikabidhiwa pedi ya kuchezea, unamwamkia kwanza. "Shikamoo, Baba Joho." "Marahaba, mwanangu. Nyumbani umeteka maji?" Ukidanganya, Zuhura yupo wa kusema kweli. Hapo shujaa atasema amechoka leo, na Festo anampa pedi mwingine. Mama zetu walilipenda gemu lile kuliko sisi. Na Zuhura alituambia, huku anacheka, kwamba baba yake siku hizi anabishana hata na redio.

Hayakudumu. Masika mto Mkondoa ulipofurika, Mzee Maganga aliugua kifua, na kifua kikamchukua. Msiba ulijaa, lakini Zuhura hakulia. Alikaa mkekani kati ya wanawake, midomo ameikaza, na tuliona ule ukimya wa baba yake umehamia kwake. Shangazi zake walimbembeleza aseme lolote, hata aombe maji. Hakusema.

Sasa, watani mnawajua. Mzee Maganga alikuwa Mnyamwezi, wazee wake waliletwa na kazi ya mkonge, na mtani wake alikuwa Mluguru, Mzee Mkude, fundi baiskeli. Kazi ya mtani msibani ni kumwigiza marehemu, nasi tulitegemea aigize alivyotembea au alivyobania sukari. Jeneza lilipoinuliwa, Mzee Mkude akaziba njia, khanga nyekundu ameifunga mabegani. "Abiria wote, sogeeni nyuma," akasema, kwa sauti ile ile. Watu walicheka, kisha kicheko kikakatika. Zuhura alikuwa amesimama mlangoni.

"Shikamoo, baba."

Mtani angeweza kufanya mzaha, ni haki yake. Lakini aliinamisha kichwa. "Marahaba, mwanangu. Maji ya leo nimeteka mimi. Wewe lia tu."

Akalia. Tulilia sote, na Festo akiwemo.

Siku hizi naishi Mikumi, na mwanangu ana gemu lake la mashujaa. Masikio ameyaziba kwa spika ndogo. Mgeni anaingia mpaka anatoka, shikamoo hajaipata. Juzi aliniita nisikilize: shujaa wake anasemewa na yule yule mwigizaji anayempenda kwenye filamu. "Ndiyo maana linanoga, baba." Nikamwambia ni kweli, sauti unayoijua ndiyo inayokutia hofu shujaa asianguke. Sikumcheka, maana hapo tumefanana.

Ila huyo anayemsemea shujaa wake hajui kama mwanangu yupo duniani. Wa kwangu alinijua jina, mimi na mama yangu, na alipokufa nilipokea jeneza lake begani kwa hatua chache, nikamtupia udongo kwa mkono wangu.