Mama Pindo Ampeleka Baba Bei Kuimba

Mama Pindo, mke wa Baba Bei. Mama yake alishona magodoro ya hospitali kwa sindano ya mkono mpaka kidole gumba kikaota ngozi kama ya kisigino. Bibi yake mzaa mama alikata sanda za mtaa mzima, na hakuna maiti aliyelalamika kubanwa. Yeye mwenyewe aliwafupishia suruali walimu, madereva, mahakimu na wezi, akawatilia wasafiri mifuko ya siri ndani ya makoti, akapanua sare za shule zilizorithiwa na mtoto wa kwanza hadi wa mwisho. Jina la Pindo alilipata kwa kazi yake. Nguo ingeweza kuchanika kote, pindo likabaki.

Mumewe alikuwa dalali wa mitumba. Alipanda juu ya meza, akarushiwa nguo kutoka kwenye robota, akaidaka bila kuitazama, na bei ilikuwa imeshamtoka mdomoni kabla nguo haijatulia mkononi. Shati la mkono mmoja aliliuza kwa kusema, "Hili la mtu mwenye haraka, mkono mmoja kashavaa. Nani zaidi?" Koti lililotobolewa na nondo aliliita koti la kupumulia. Watu walikuja sokoni hata wasipokuwa na haja ya nguo, wakasimama na vikapu vyao vya mboga kumsikiliza. Zilizopwaya na zilizofumuka alizirushia nyuma, penye cherehani ya mkewe, na hivyo ndivyo walivyoishi, migongo ikitazamana, yeye akisema na mama akishona.

Suti ndiyo iliyowaharibia. Karani mmoja wa posta alileta suti ya marehemu baba yake ipunguzwe, aivae siku atakayooa. Mama Pindo aliipunguza, akaipiga pasi, akaikunja. Katika pilikapilika za soko suti ile ikafika mikononi mwa Baba Bei, naye, kama kawaida yake, hakuitazama. Ilikwenda na mpita njia ambaye hakuna aliyemjua. Karani alipokuja kuichukua alikaa chini pale pale, juu ya magunia, akajifunika uso kwa mikono.

Mama Pindo alisema mumewe ameichomoa kwenye ndoano. Baba Bei alisema mkewe ndiye aliyeiweka kwenye rundo la mnada. Kila mmoja alikuwa na hakika yake, na nyumba ya chumba na sebule haina pa kulaza hakika mbili.

Wakanuniana. Watoto walishahama, hapakuwa na wa kutumwa maneno, kwa hiyo walizungumza kupitia kabati. "Kabati, mwambie mwenzio chai inapoa," angesema mama. Na baba angejibu, "Kabati, mwambie huyo bibi sukari haikutosha, ila mimi sisemi kitu." Jirani aliyewasikia alicheka hadi akashika ukuta. Wao hawakucheka. Mama Pindo alikuwa na kiburi, na hakuona aibu nacho, maana alikirithi pamoja na mkasi.

Asubuhi moja Baba Bei, ameshavaa viatu, aligeuka mlangoni. Hakulitazama kabati. Alimtazama mkewe. "Jioni tutaongea," akasema.

Mama Pindo aliendelea kuzungusha uzi kwenye kibobini cha cherehani, lakini moyo ulimlegea. Siku ile hakwenda sokoni, alibaki na kazi ya nyumbani, akafagia hadi chini ya kitanda. Adhuhuri haijafika, muuza viatu akaja mbio kumwambia mumewe ameanguka juu ya meza, katikati ya bei.

Kiharusi kilimrudisha nyumbani na mkono wa kulia uliolala, mguu wa kuburuta, na maneno mawili tu: "Nani zaidi?" Akitaka maji, nani zaidi. Akitaka kwenda msalani, nani zaidi. Akilia, nani zaidi. Wageni wa mwanzo walicheka wakidhani mzee bado ana utani wake. Kisha wakaelewa, wakapunguza kuja.

Mama Pindo alimlisha, akamwogesha, akamgeuza kitandani, na yote hayo hayakumshinda. Kilichomshinda ni jioni. Kila jua lilipozama alikaa mbele ya mumewe akingoja yale maongezi aliyoahidiwa. Hakujali tena kosa lilikuwa la nani. Aseme "nilikosea" au aseme "ulikosea", lolote, mradi aseme yeye, na amwambie mkewe. "Kufa kutatukuta tumenuniana," aliwahi kumwambia mwanawe, na mwanawe akatazama chini.

Huyu mwanawe ni fundi friji. Siku moja, walipompeleka mzee kwenye mazoezi ya hospitali, mama wa mazoezi alimsikia akinung'unika kwa sauti ya muziki, akasimama. "Kichwani nyimbo hazikai mahali pamoja na maneno," alisema. "Wapo wasioweza kuomba maji lakini wanaimba. Mpelekeni penye muziki anaoujua. Siahidi kitu."

Neno la kwanza Mama Pindo alilisikia vizuri. La mwisho hakulisikia kabisa.

"Kuna baa moja nawatengenezea mafriji," fundi friji alisema. "Wana karaoke. Maneno yanatokea kwenye skrini, mtu unashika maiki unaimba. Nyimbo za zamani za bendi zimejaa."

"Mimi, umri huu, baa?"

"Mama, Alhamisi mapema hamna walevi."

"Walevi siwaogopi, nimewashonea sana. Naogopa majirani."

Mkwe wake, mke wa fundi friji, ndiye aliyemaliza shauri. "Majirani tutawaambia tumeenda kutengeneza friji, Mama. Wote wanne."

Basi wakaenda. Mlangoni palisimama gogo lililochongwa sura ya mtu mwenye meno mengi na macho ya hasira. Ndani kulikuwa na majani ya minazi ya plastiki dari nzima, ngoma zisizopigwa zilizofanywa viti, na mienge ukutani ambayo moto wake ulikuwa kitambaa chekundu kinachopepewa na kifeni. Hata vikombe vilikuwa na nyuso. Mama Pindo aliletewa maji ya nanasi ndani ya kichwa cha udongo kilichokenua, akakigeuza kitazame upande wa pili.

"Ni mtindo wa visiwa vya mbali huko," mwanawe alimweleza. "Mwenye baa aliuona kwenye filamu."

"Na wenyewe wa huko wanajua?"

"Wanajua nini?"

"Kwamba wametengenezewa sura hizi."

Mhudumu alikuja amevaa sketi ya nyasi juu ya suruali. Mama Pindo aliishika ukingo kabla hajaombwa ruhusa. Ilikuwa nyuzi za gunia la nailoni. "Nani kakushonea hii, binti?"

"Haijashonwa, bibi. Imebandikwa kwa gundi."

"Naona. Usipite karibu na hivyo vifeni."

Mkwe akaficha kicheko ndani ya kikombe chake. Baba Bei alikuwa ameketi wima, shati limefungwa hadi kooni, macho yakizunguka dari. Mwendesha mashine, aliyevaa shati la maua makubwa, alipoinama kumsalimu, mzee alinyoosha mkono wa kushoto, akamshika kola, akakipima kitambaa kwa vidole viwili. "Nani zaidi?" akauliza.

"Halinunuliki hili, mzee wangu," akasema mwendesha mashine, "ni la kazi."

Fundi friji akamnong'oneza mwendesha mashine jina la wimbo. Ulikuwa wimbo wa bendi iliyopiga walipokuwa vijana, wakati Baba Bei akijulikana kwa viatu vyake vyeupe na Mama Pindo akijifanya hamwoni. Gitaa likaanza. Maneno yakatokea kwenye skrini, meupe, yakigeuka ya bluu moja baada ya jingine. Mkwe akamshikisha mzee maiki mkono wa kushoto na kumshikilia kiwiko. Gitaa lilipita mahali pa kuanzia. Mama Pindo akatazama meza.

Halafu sauti ikatoka.

"Fungua dirisha, mpenzi, nipite kwa sauti tu,
mwili wangu umechelewa njiani."

Haikuwa ya kukwaruza wala ya kigugumizi. Ilikuwa ile ile, sauti ya juu ya meza, na kila herufi ilikaa mahali pake. Wala skrini hakuitazama. Ubeti wa kwanza, kiitikio, ubeti wa pili, mpaka pale penye kuvuta, akavuta. Mwanawe alikuwa analia waziwazi, amesahau kujifuta.

Wimbo ulipofifia watu wachache waliokuwamo wakapiga makofi. Mama Pindo alikuwa ameshanyanyuka. Alipita katikati ya ngoma na vinyago, akasimama mbele ya mumewe, karibu kama siku zile alipokuwa akimpima shingo.

"Jioni imefika," akamwambia. "Haya, ongea. Nipo."

Baba Bei alimtazama. Kinywa kilifunguka, ulimi ukatafuta, paji la uso likakunjana kama la mtu anayeinua kitu kizito. Maiki ilikuwa bado imewaka.

"Nani zaidi?" zikasema spika za baa nzima.

Watu wakacheka. Hawakujua. Mtu wa kona, muuza mboga wa sokoni, akainuka: "Jamani, si Baba Bei huyu? Baba Bei wa mitumba?" Mwendesha mashine naye, akidhani ni mchezo, akang'oa kinyago kimoja ukutani akakiinua juu. Mmoja akataja bei. "Nani zaidi?" akasema mzee. Mwingine akapandisha. "Nani zaidi?" Akakinyooshea kidevu, akaegemeza kiuno kama zamani, na uso uliokuwa umelala upande mmoja ukachangamka upande wa pili. Alikuwa na furaha. Hilo mtu yeyote angeliona. Alikuwa sokoni, na watu wake wamemzunguka, na mkewe, aliyesogezwa na watu, alikuwa pale alipokaa siku zote, nyuma yake, ila safari hii hakuwa na kitu cha kushona.

Walirudi Alhamisi iliyofuata, na zilizofuata. Mama Pindo alijiambia kwamba mlango ukishapitisha sauti utapitisha na maneno, ni suala la kuusukuma. Nyumbani akajaribu ujanja wake. Akalichukua swali lake akalivika tuni ya wimbo ule, akamwimbia akiwa amepiga magoti mbele ya kiti: ile suti, nani aliiweka kwenye rundo, nambie, sitakasirika. Na Baba Bei akajibu papo hapo, kwa sauti safi:

"Usiniulize nilikotoka,
niulize kama nimefika."

Mama Pindo alikaa chini sakafuni. Usiku ule alilala usingizi ambao alikuwa ameusahau. Alijibiwa. Alikuwa ameambiwa kwa heshima waache ya nyuma, na yeye alikuwa tayari kuyaacha.

Asubuhi, moyo mwepesi, akamwimbia kwa tuni ile ile kama anataka uji au chai.

"Usiniulize nilikotoka," akaimba Baba Bei, "niulize kama nimefika."

Alisimama na sufuria mkononi. Akajaribu tena, akimuuliza kama kuna baridi. Akapata mstari ule ule. Ndio uliofuata kwenye wimbo, basi. Maji ya bomba hayamjui aliyefungua.

Hakumwambia mtu. Aliendelea kwenda baa Alhamisi mbili tatu zaidi, akakaa na kile kichwa chake cha udongo, akamsikiliza mumewe akimwimbia mwendesha mashine, akiiimbia mienge ya kitambaa, akiwaimbia walevi waliokwishaanza kuja mapema kwa ajili yake. Sauti ile ilikuwa nzima kwa kila mtu. Kila ilipopanda pale penye kuvuta, yeye alishika ukingo wa meza, na kila ilipokwisha alijizuia asinyanyuke, na kujizuia huko kulimchosha kuliko kumgeuza kitandani.

Jumatano moja alimwita mkwe wake. Mkwe alimkuta amekaa kwenye cherehani na shati jeupe la Baba Bei, ameondoa vifungo vyote, mahali pake ametia utepe wa kunata, na vifungo amevishona juu kwa urembo ili mtu asijue.

"Kesho mtampeleka ninyi," alisema. "Mimi siendi."

"Unaumwa, Mama?"

"Siumwi."

"Atakutafuta."

"Hatanitafuta, mwanangu. Mtazame vizuri kesho, utaona." Alikata uzi kwa meno, akamwekea shati magotini. "Huo mkono wa kulia ndio unaotangulia kuingia, usianze na ule mzima, utamtegua bega. Umkalishe upande wa ukuta. Yule wa shati la maua akimletea vinyago, mwache aviuze, anafurahi."

Mkwe alikuwa analipapasa shati. "Na akimaliza kuimba, Mama?"

"Mpe maji," alisema Mama Pindo. "Usimwulize kitu."