Pumzi Nyuma ya Kabati

Hospitalini walimwita Bi Mvuke, maana kwa miaka kumi na tisa alichemsha vyombo vya upasuaji na kutoka chumbani amelowa kama kitambaa cha deki. Sheria ya chumba ilikuwa moja: kifurushi cha vyombo kikitoka kwenye mashine, utepe wake uwe umepata mistari myeusi. Ukibaki mweupe, hakijaiva, kinarudi. Siku moja tu, akikimbilia mazoezi ya kwaya, Bi Mvuke aliweka kifurushi chenye utepe mweupe kwenye kabati la vyombo safi. Kidonda cha mgonjwa aliyepasuliwa kwa vyombo hivyo kikaoza. Akapona kwa taabu. Kikao cha asubuhi kilipouliza, alisema, "Mimi nilishatoka. Mama Pacha ndiye aliyepanga kabati." Mama Pacha, mwenzake wa zamu, akafukuzwa kazi.

Mwaka ukapita. Kanisani wakamchagua Bi Mvuke ahubiri Jumapili ya akina mama. Alifanyia mazoezi palepale kazini, na kila alipofika kwenye "ndugu zangu", nyuma ya kabati mtu alivuta pumzi, ile ya mtu anayetaka kukujibu. Akinyamaza, nayo inanyamaza. Akasogeza kabati: ukuta, na mende mfu.

Akafunga siku tatu.

"Mke wangu, pete inakuchezea kidoleni," mumewe akamtania. "Malaika wataniuliza kama nakulisha."

Hakucheka. Alisugua ulimi kwa chumvi mpaka ukatoa damu, akarudi kazini kujaribu mahubiri tena. Pumzi ikaja, safari hii sikioni kabisa.

Jumamosi mchana alimkuta Mama Pacha kwake, akishona vifungo.

"Shoga, nimekuja..."

"Najua. Kesho unahubiri, leo unataka nikusuuze."

"Utepe ulikuwa mweupe. Mimi ndiye niliyekiweka."

Mama Pacha akakata uzi kwa meno. "Hapa tuko wawili na cherehani. Ulinichafua kikaoni, mbele ya watu wanane. Cherehani haikuwepo."

"Watanifukuza."

"Haya, kumbe unajua wanavyofanya."

"Utanisamehe?"

"Nenda kwanza kwa wale wanane. Msamaha wangu si sabuni ya kuazima."

Bi Mvuke alitoka hapo akapitiliza kwa mchungaji. "Jumapili mpe mwingine."

"Dada! Tangazo tumeshabandika mlangoni!"

"Libandueni. Kuna neno ninalodaiwa kwingine. Nikisimama madhabahuni kabla ya kulisema, nitamdanganya Mungu kwa kipaza sauti."

Mchungaji akaenda mlangoni kulibandua. Hakumbembeleza.

Jumatatu kikao kilikuwa kamili. Matroni, mwanamke asiyependa hadithi ndefu, aliuliza kama kuna mwenye la ziada. Bi Mvuke akainuka. Akasema la utepe, la kwaya, la uongo, macho sakafuni, kwa sauti ya chini ya mtu anayeungama kwa kola yake.

Matroni akavua miwani.

"Siku ile, jina la mwenzio ulilitaja kwa sauti hiyo?"

"Hapana, Matroni."

"Ulilitajaje?"

"Kwa nguvu. Wote mlisikia."

"Basi rudia hivyohivyo. Naandika."

Bi Mvuke akainua uso, akawatazama mmoja mmoja, wote wanane. "Mama Pacha hakukosa!" akasema. "Mkosaji ni mimi!" Na wauguzi waliokuwa wakipita nje na vitanda wakasimama.