Sahani ya Bati na Wembe

Kwetu wanawake hula sinia moja. Mwaka mzima mimi nilikula kwenye sahani ya bati, pembeni, karibu na mtungi. Hata arusini nilikwenda nayo. Watu wakasema nimeota kiburi uzeeni.

Mdogo wangu ndiye aliyebaki nami nyumbani, sote wajane. Hakuninyamazia hata siku moja. "Haya, sultani keshatengewa chakula chake! Sisi watumwa tusogee?" Nilimwambia ale anyamaze.

Virusi vya ukimwi ninavyo tangu wakati wa marehemu mume wangu, na kidonge nameza kila siku bila mtu kujua. Kisha kiliniki ya Faza wakanipima damu, wakaniambia nina homa ya ini pia, ile aina ya B. Nikadhani huambukiza kwa mate. Sikuuliza. Nilipanda pikipiki, nikapita dukani nikanunua sahani.

Mwaka huu nesi mmoja, mtu wa bara, akaniuliza naishi vipi nyumbani. Nikamweleza habari ya sahani, tena kwa fahari.

"Bibi, kula pamoja hakuambukizi. Ugonjwa huu unapita kwenye damu. Wembe je, mnatumia mmoja?"

 Kila Alhamisi mimi na mdogo wangu hujinyoa kujitayarisha kwa Ijumaa. Wembe mmoja, juu ya dirisha la choo. Mimi kwanza kwa kuwa ndimi mkubwa, kisha yeye. Kwenye sinia nimemkimbia, wembe nimempa.

"Mlete tumpime," akasema nesi. "Na kidonge chako usikiache, kinazuia yote mawili. Ukikiacha, ini linaweza kuharibika ghafla."

Nilimwambia mdogo wangu jioni ile, akichambua mchicha. Ya ini tu. Ya virusi sikuweza.

"Na wembe?" akauliza.

"Ndiyo maana nakwambia."

Alipimwa magonjwa yote mawili, akaonekana hana. Akachomwa chanjo ya kwanza. Nilirudi nyumbani nikimfuata nyuma nikimshukuru Mungu kimya kimya, yeye hakugeuka.

Siku hiyo nilinawa mikono, nikaketi kwenye sinia. Akainuka, akaleta sahani ya bati, akanipakulia wali na samaki, akaiweka pale pale karibu na mtungi.

"Nesi amesema kula pamoja hakudhuru," nikamwambia.

"Nimemsikia."

Nikahamia kwenye sahani yangu. Sijuti kumwambia, ningemwambia tena. Sasa kila mmoja ana wembe wake. Ila tunakula kimya, na siku hizi haniiti tena sultani.