Harufu ya Ngozi Mkononi

Juzi msichana mmoja dukani alinipulizia manukato mkononi. Nikashindwa kutulia, kila hatua nanusa.

Nilikumbuka mchana mmoja wa utotoni Kariakoo, mama mdogo alipokuwa akichagua manukato. Mikono yake ilishajaa harufu, basi Mwarabu mwenye duka akanipaka mimi. "Msiamue sasa," alisema. "Zungukeni kwanza, yakolee mwilini."

Tukaenda kupanga foleni ya sukari. Mwanzoni yalinukia ndimu kali. Jua lilipoupata mkono wangu, ukali ukaisha, ikabaki harufu laini ya ngozi ya viatu iliyotiwa mafuta. Harufu ya baba, fundi viatu, ambaye niliambiwa amesafiri. Nikachomoka kwenye foleni, nikawachungulia mafundi wote barazani. Hayupo. Nikakimbilia nyumbani.

"Mama, baba karudi!"

Mama, ambaye hakuwa akitoka nje tangu baba aondoke, alinishika mkono, akaunusa. Jioni, chakula kilipotengwa, nikainuka kwenda kunawa.

"Usinawe," akasema. "Nitakulisha."

Nilidhani naadhibiwa. Sikujua kwamba mwanamke anayekaa eda ya mume aliyefariki hajitii mwenyewe manukato.